Gugu la Kariba: Kangaga Lililoitwa kwa Jina la Jamaa Yake

Ndugu mkulima, mara nyingi tunapozungumza juu ya magugu tunataja yale ya nchi kavu: ndago, mbigiri, kiduha na wenzake. Leo tushuke kidogo majini. Tunataka kuzungumza na wewe mwenye bwawa la samaki, wewe wa majaruba ya mpunga, wewe unayenywesha ng'ombe kwenye lambo la kijiji, na wewe mvuvi ambaye shamba lako ni ziwa. Shabaha yetu ni kulitambua kangaga moja linaloelea juu ya maji, na kulitenganisha na jamaa zake.

Huenda ukasema, "Gugu ni gugu tu. La nini kulichunguza majani na manyoya? Ling'oe, ulitupe, basi." Sawa. Lakini utaona hapo mbele kwamba gugu hili liliitwa kwa jina lisilo lake kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sababu ya jina hilo watu walikwenda kutafuta dawa yake mahali ambapo haikuwapo.

Katika sehemu zetu linajulikana zaidi kama gugu la Kariba. Wataalamu huliita Salvinia molesta. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni lenye kusumbua, na kwa kweli linasumbua. Halishiki udongo mahali popote, linaelea tu, na kipande chochote kilichokatika chenye chipukizi huwa mmea mpya. Penye joto la kutosha na maji yenye rutuba, linaweza kuongezeka mara mbili katika muda wa siku 2 au 3. Hebu piga hesabu mwenyewe. Ukiwa na debe moja leo, baada ya siku 3 una madebe mawili, baada ya siku 6 manne, na mwezi ukiisha umepita madebe 1,000. Ni kweli kwamba ziwani mambo hayaendi kwa kasi hiyo kila siku, maana upepo, baridi na upungufu wa chakula hulipunguza nguvu. Lakini hata likienda kwa nusu ya mwendo huo, mwenye bwawa dogo hana muda wa kungoja.

Likishajaa, hufanya zulia. Zulia hilo hupandana, la juu likikalia la chini, mpaka mahali pengine unene wake unafikia nusu mita na zaidi. Hapo mwanga haupiti. Mimea ya chini hufa, majani yaliyooza hula hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Mtumbwi hausogei, nyavu hazitegeki, pampu ya kumwagilia huziba. Ng'ombe naye, asiye na elimu ya mimea, akiona kijani kilicholala sawasawa hudhani ni malisho, akikanyaga anazama.

Sasa, nimesema ni kangaga. Wengi wetu tukisikia kangaga tunafikiri yale majani marefu yaliyochanika kama kuti, yanayoota kando ya mito, kwenye mabonde yenye unyevu na chini ya miti mikubwa ya milimani. Ukiyageuza unaona mgongoni mistari au madoa ya rangi ya kahawia. Lile vumbi lake ndilo la uzazi, linaitwa spora, kwa maana kangaga halitoi ua wala mbegu. Hiyo ndiyo alama ya kabila zima la makangaga, makubwa kwa madogo. Gugu la Kariba nalo ni la kabila hilo hilo, ingawa halifanani hata kidogo na wenzake wa nchi kavu. Hutaliona lina ua hata ukikaa kando ya ziwa mwaka mzima. Kwa hiyo kama mmea unaoelea bwawani kwako umetoa ua zuri la rangi ya zambarau na mashina yake yamevimba kama vibofu, huo si huu. Hilo ni gugu maji. Kama una majani manene yaliyopangika duara kama saladi ya bustanini, huo nao si huu. Na vile vijani vidogo kama punje za mtama vinavyofunika maji ya bata, achana navyo kwa leo.

Wataalamu wanapoipanga mimea hutumia ngazi. Kuna ukoo, ndani ya ukoo kuna jenasi, na ndani ya jenasi kuna spishi. Ni kama ukoo wa babu mmoja, ndani yake nyumba mbalimbali, na katika kila nyumba watoto. Ukoo wa kangaga hili una nyumba mbili tu, na zote mbili zinaelea majini: moja ni Azolla, ya pili ni Salvinia. Mkulima wa mpunga ni lazima azijue zote mbili, kwa sababu moja ni rafiki yake.

Azola ni mmea mdogo sana. Vijani vyake havizidi milimita chache, vimelaliana kama magamba ya samaki, na chini yake huning'inia mizizi halisi, myembamba kama uzi. Jua likiwa kali au chakula kikipungua, hugeuka rangi ikawa nyekundu au ya kutu, hata jaruba zima likaonekana kama limemwagiwa vumbi la matofali. Ndani ya vijani hivyo huishi viumbe vidogo mno ambavyo huchukua nitrojeni kutoka hewani na kuigeuza iwe mbolea. Wakulima wa Uchina na Vietnam wameitumia azola katika mpunga kwa karne nyingi: huiacha ifunike maji, kisha huifukia katika tope. Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna azola za asili, mojawapo ikiitwa Azolla nilotica kwa jina la mto Naili. Azola ikizidi bwawani nayo huleta taabu, hilo hatulikatai. Lakini kuichoma moto azola ya jarubani kwa kudhani ni gugu la Kariba ni kuichoma mbolea yako mwenyewe.

Salvinia haina mizizi. Hapa ndipo wengi hutatizika, kwa maana ukiunyanyua mmea unaona chini yake kishungi cha rangi ya kahawia kinachodondosha maji, nawe unasema, "Si hii hapa mizizi?" Kumbe hicho ni jani. Ukifuata kijiti chake kilichotambaa, utakuta kila kwenye kifundo yametoka majani matatu. Mawili ni ya kijani nayo yanaelea, moja huku na moja huku. La tatu limezama, limechanikachanika mpaka limekuwa nyuzi, nalo linafanya kazi ya mizizi ya kunyonya chakula majini. Majani matatu kila kifundo, mawili juu na moja chini: ukiona hivyo, umekwisha ingia katika nyumba ya Salvinia, huna haja ya kubahatisha.

Halafu dondosha tone la maji juu ya jani. Litabiringika lianguke, na jani litabaki kavu. Ulizamishe jani lote kwa kidole, utaliona linang'aa kama fedha, na ukiliachia linaibuka likiwa kavu vile vile. Uso wake umejaa manyoya mafupi yaliyosimama kwa safu, nayo hushika hewa. Nitarudi kwenye manyoya hayo baada ya kidogo.

Kwanza nikuonye juu ya umbo na ukubwa, kwa sababu ndivyo vinavyodanganya watu kuliko vyote. Gugu la Kariba lina sura tatu. Linapoingia mahali papya penye nafasi, majani yake huwa madogo, bapa, yamelala juu ya maji, upana wake hauzidi sentimita moja na nusu. Likianza kustawi, majani hukua na kujikunja katikati kama mtumbwi. Likisongamana, hupata majani makubwa yaliyosimama wima, yamekunjwa sana, kila moja likiwa na umbo la moyo, na upana wake hufika sentimita 5 hata 6. Mtu asiyejua akiziona sura hizi tatu katika ghuba moja atakuapia kwamba ni mimea mitatu. Ni mmoja. Chukua lile dogo ulitie kwenye ndoo yenye maji ya samadi, utaona linavyobadilika. Na ukiisha kuona, lianike likauke kabisa, usilirudishe majini.

Sasa manyoya. Katika nyumba ya Salvinia kuna spishi zipatazo kumi au zaidi kidogo, nazo zimeenea Amerika, Afrika, Asia na Ulaya. Ukubwa wa jani hausaidii sana kuzigawa, kwa sababu hiyo niliyokwisha eleza. Lakini manyoya hayadanganyi. Chukua kioo cha kukuzia, kile kidogo cha mkononi chenye nguvu ya mara kumi kinatosha, kisha tazama jani ubavuni, si kutoka juu. Katika gugu la Kariba utaona kila unyoya umeanza na kishina kimoja, kishina kikagawanyika matawi manne, matawi yakatanuka kisha yakakutana tena juu na kushikana nchani. Unaikumbuka taa ya chemli, zile nyaya zinazozunguka chimni kuilinda isivunjike? Ndivyo hivyo hasa. Kila unyoya ni kama chemli ndogo.

Spishi nyingine nyingi hazina chemli hiyo. Manyoya yake huwa moja moja, au hutoka pamoja lakini ncha zake zimeachana. Katika kundi hili mna Salvinia natans ya Ulaya na Asia, na mna Salvinia hastata, ambayo ni mwenyeji wa Afrika, kutoka upande huu wa mashariki mpaka Madagaska. Mwenyeji huyu ameishi na samaki na mamba wetu miaka yote hiyo bila ya kuziba ziwa. Kwa hiyo ukikuta salvinia katika dimbwi la msituni, usikimbilie kupiga mbiu kabla ya kutazama manyoya. Tazama jani lililo zima, si changa mno wala si kuukuu, maana jani lililozeeka manyoya yake hukatika, na chemli iliyokatika kichwa huonekana kama manyoya yaliyoachana. Kosa hilo huwapata hata waliosoma.

Je, ukiona chemli umemaliza kazi? Kwa mkulima wa Afrika, karibu umemaliza, kwa sababu salvinia zote zenye chemli asili yake ni Amerika, na ukiikuta hapa imeletwa. Lakini kwa mtaalamu ndipo kazi inapoanza. Manyoya ya namna hiyo yanapatikana katika kundi la spishi ndugu: Salvinia auriculata, Salvinia biloba, Salvinia herzogii na hiyo molesta yetu. Kwa majani peke yake zinafanana kama mayai ya kuku mmoja.

Tutazame kidogo majina hayo yalivyopatikana. Jina Salvinia lilitolewa kwa heshima ya Antonio Maria Salvini, profesa wa Kigiriki katika mji wa Florence huko Italia, ambaye hakuwa na ziwa wala mtumbwi. Mwaka 1754 Mfaransa Séguier ndiye aliyeliimarisha liwe jina la jenasi. Mwaka 1775 Mfaransa mwingine, Aublet, akaandika juu ya spishi aliyoikuta Guiana, Amerika ya Kusini, akaiita Salvinia auriculata. Tangu hapo, kila salvinia yenye chemli iliyoonekana duniani ilitupwa katika kapu hilo la auriculata.

Gugu letu lilionekana katika mto Zambezi mwaka 1948, nalo likaandikwa hivyo hivyo, auriculata. Lilikaa mtoni bila ya kelele nyingi, kwa sababu mto unakwenda nalo linasukumwa. Kisha likajengwa lile bwawa kubwa la Kariba, kati ya nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe. Maji yalianza kuzuiliwa mwezi Desemba mwaka 1958. Ziwa jipya lilifunika misitu na mashamba, miti na majani yaliyooza yakatoa chakula kingi, na maji yakatulia. Mwaka 1959 gugu lilikuwa limekwisha onekana ziwani, na kufikia 1962 lilifunika kilometa za mraba zipatazo 1,000, yaani karibu moja ya tano ya ziwa zima. Hapo ndipo likapata jina la gugu la Kariba.

Watu walifanya walivyopaswa kufanya. Walijiuliza: kwao huko Amerika gugu hili halizibi maziwa, basi nani anayelila? Wakaenda kutafuta wadudu wanaolila Salvinia auriculata. Katika miaka ya 1960 walipatikana kisiwani Trinidad na sehemu za jirani: panzi mmoja aitwaye Paulinia acuminata, nondo mmoja, na fukusi mmoja mdogo aitwaye Cyrtobagous singularis. Panzi aliletwa Kariba kuanzia mwaka 1969 akazaliana. Fukusi naye alijaribiwa katika nchi za kusini mwa Afrika, akaishi, lakini gugu halikujali. Ni kweli kwamba Kariba lilipungua baadaye, na panzi alichangia, ila sehemu kubwa ni kwamba ziwa lilizeeka na rutuba ile ya mwanzo ikapungua. Mahali pengine palipojaribiwa wadudu hao, matokeo yalikuwa hafifu.

Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wanamlisha mdudu chakula kisicho chake. Mdudu wa kula magugu si kama mbuzi. Amezoea spishi yake moja, na jamaa wa karibu anaweza kumla kidogo tu, akashiba au akachoka.

Aliyelichunguza gugu lenyewe kwa makini ni D. S. Mitchell, mtaalamu wa mimea ya majini aliyefanya kazi Kariba. Naye hakutazama majani, alitazama vifuko vya uzazi. Salvinia ikikomaa hutoa vifuko vidogo mviringo kama shanga, vikining'inia chini ya maji katikati ya zile nyuzi za jani la tatu. Mwargentina mmoja, de la Sota, alikuwa amekwisha onyesha mwaka 1962 kwamba salvinia zenye chemli zinaweza kutenganishwa kwa mpangilio wa vifuko hivyo. Mitchell akaona kwamba vifuko vya gugu la Kariba vimepangika kwa mnyororo mrefu, na havilingani na vya auriculata. Tena akivipasua hakuti kitu cha maana ndani: spora zimeharibika au hazipo kabisa. Wahindi wawili waliohesabu kromosomu za gugu hili mwaka 1966 walikuta seti tano za 9, jumla 45. Nawe unajua kwamba vitu vya uzazi hutaka kugawanyika jozi kwa jozi, tano haigawanyiki. Ni tasa kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi. Kila gugu la Kariba ulilowahi kuliona limetokana na kukatika kwa jingine. Mwaka 1972 Mitchell akalipa jina lake lenyewe, Salvinia molesta.

Jina hilo jipya lilifungua mlango, kwa sababu sasa swali likabadilika. Si auriculata inaota wapi, bali molesta inaota wapi? Ilichukua muda. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa shirika la utafiti la Australia, Forno na Harley, walilikuta likiota kwa asili yake kusini-mashariki mwa Brazil, mbali kabisa na Trinidad. Na juu yake wakakuta fukusi. Ni mdogo kuliko fukusi wa mahindi, urefu wake kama milimita 2, mweusi au wa rangi ya kahawia. Mkubwa hula machipukizi, na funza wake hutoboa ndani ya kijiti kile kinachotambaa, kikakatika na kuzama.

Ajabu ni kwamba fukusi huyo naye aliitwa kwa jina lisilo lake! Walidhani ni yule yule singularis wa Trinidad, maana kwa macho wanafanana. Tofauti ilionekana kwa kazi aliyoifanya. Alifunguliwa katika Ziwa Moondarra, kaskazini mwa Australia, mwezi Juni mwaka 1980. Gugu lilifunika hekta 200 na uzito wake ulikadiriwa tani 18,000. Baada ya miezi 14 hivi lilikuwa limekwisha, limebaki vipande pembeni. Ndipo wakamtazama upya, na mwaka 1985 akaandikwa kuwa spishi mpya, Cyrtobagous salviniae.

Huko Papua New Guinea kuna mto mkubwa uitwao Sepik. Watu wa pale barabara yao ni maji: kwenda sokoni, kwenda zahanati, kwenda kuvua. Gugu lilifunga kilometa za mraba 250 za maziwa na mikono ya mto huo, na kuna vijiji vilivyohamwa. Fukusi alipelekwa mwaka 1982, lakini mwanzoni alidhoofika. Wataalamu wakagundua kwamba gugu lenyewe lilikuwa na nitrojeni kidogo mno, mdudu hapati lishe. Unajua walifanya nini? Walilipa gugu mbolea ya urea! Walistawisha kipande kidogo, fukusi wakanenepa na kuzaliana, kisha wakasambazwa. Kufikia 1985 tani zipatazo milioni 2 za gugu zilikuwa zimeangamia. Sri Lanka, ambako gugu liliingizwa mwaka 1939 kwa ajili ya mafunzo ya elimu ya mimea na baadaye likavamia mashamba ya mpunga, ilimpokea fukusi huyo huyo katika miaka ya 1980. Waliopiga hesabu ya fedha huko walikadiria kwamba kila rupia moja iliyotumika ilirudisha rupia 53.

Na sisi je? Ziwa Naivasha huko Kenya lilipata gugu hili katika miaka ya 1960, likasumbua wavuvi miaka mingi, na fukusi wa Brazil alifunguliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uganda liligunduliwa katika Ziwa Kyoga mwaka 2013. Kwa hiyo si habari ya kale wala ya ng'ambo. Linasafiri kwa mitumbwi, kwa nyavu zilizofungwa zikiwa mbichi, kwa vifaranga vya samaki vilivyoletwa katika maji yasiyochujwa, na kwa watu wanaopenda kuweka kijani kizuri katika tangi la samaki wa mapambo. Hao wa mwisho wanatakiwa kuambiwa waziwazi.

Ukilikuta bwawani kwako likiwa bado dogo, usingoje mdudu wala dawa. Fukusi anafaa penye zulia kubwa, tena analetwa na kufunguliwa na wataalamu wa serikali peke yao, kwa kibali. Si mtu kumtia mfukoni kutoka ziwa moja kwenda jingine. Kwa bwawa dogo dawa ni mikono. Anza upande ule ambako upepo unapeleka, kwa sababu ndiko linakokusanyika. Vuta kwa wavu wenye matundu madogo, usitumie panga, maana kila unapokata unapanda. Funga mdomo wa mfereji kwa wavu kabla hujaanza, vipande visimwendee jirani. Lirundike mbali na maji, mahali ambapo hata mvua kubwa haitalirudisha, uliache likauke kabisa. Likikauka linafaa kwa matandazo ya migomba, ingawa usitegemee kwamba lina mbolea nyingi. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Rudi baada ya siku tatu, kisha tena baada ya siku tatu. Sababu ya siku tatu unaijua.

Kama huna hakika ni salvinia ipi, mpelekee bwana shamba au bibi shamba sampuli, nao wana njia ya kuifikisha kwa wataalamu wa mimea. Chukua mimea mitano au sita, ya sura zote ulizoziona, midogo na mikubwa. Nusu yake ilaze katikati ya magazeti, weka ubao juu na jiwe, ubadilishe magazeti kila siku mpaka ikauke. Nusu nyingine itie katika chupa yenye spiriti, kwa sababu ukiikandamiza chini ya jiwe yale manyoya hulala na chemli hazionekani vizuri. Usikate vile vishungi vya chini kwa kutaka usafi, maana kama zipo shanga, zimo humo humo. Andika kwa penseli jina la bwawa au ziwa, kijiji, wilaya, tarehe, na kama maji yametulia au yanakwenda. Wino utafutika kwenye spiriti. Na ile ndoo uliyobebea, imwagie shambani, usiisuuzie mtoni.